Askofu Ametaga

Jumamosi, 4 Juni

Askofu hali. Leo siku ya nne. Dada Nobie amemrushia shingo za kuku, zikaelea bwawani mpaka Sista akaja akazimeza zote, na Askofu kalala ukingoni anatutazama kama sisi ndio tuliomkosea.

“Joto hilo,” Dada akasema.

“Uzee huo. Miaka ishirini na sita, Dada. Hata wewe siku hizi unabakiza chakula.”

Akanirushia taulo lililolowa.

Naandika katika daftari la miadi. Dada alilinunua mwaka juzi ili wateja wawe wanapanga saa ya kuja, lakini hapa kwetu mtu akichoshwa na nywele zake anakuja tu, kwa hiyo kurasa zote ni nyeupe. Mimi ndimi Eulalie, wengi huniita Lalie. Naosha vichwa na kufunga rola, Dada, tumbo moja na mimi, anakata. Saluni ni yake na marehemu Wilfred, mumewe, na mamba wawili wa nyuma ya saluni ni wa kwao pia. Askofu aliletwa ndani ya ndoo, urefu wa kitana. Leo ana futi tisa. Tulimwita Askofu kwa sababu hutoka majini taratibu, kidevu juu, kama anaongoza maandamano. Sista alikuja baadaye, mdogo, mpole, hana neno na mtu.

Alhamisi, 9 Juni

Mvua. Wateja wawili. Askofu hali.

Jumapili, 12 Juni

Tumerudi kutoka misa tukakuta Askofu anang’oa majani. Anayang’oa kwa mdomo, anayaburuta, anayarundika chini ya dirisha la nyuma, hatua tatu tu kutoka kwenye ngazi ya mlango. Dada anasema anajitengenezea kitanda.

“Kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii?”

“Wewe si umesema amezeeka? Mzee hapendi kulala chini.”

Jumanne, 21 Juni

Mvua. Rundo limefika kiunoni kwangu.

Ijumaa, 24 Juni

Nitaandika haraka kabla sijaanza kucheka tena.

Ijumaa ni siku ya Bibi Ursule Pitre. Ana miaka sabini na tisa, na akiingia chini ya draya ya kukaushia nywele hasikii kitu, kwa hiyo hupiga kelele kama yuko ng’ambo ya mto. Tulikuwa naye tulipopigiwa hodi na Ferrel Lirette, binamu yake Wilfred, ameleta ndoo ya kaa wa kupika. Ferrel ni mwindaji wa mamba kila Septemba, ana leseni. Simpendi. Siku tuliyomzika Wilfred aliniuliza Askofu ana urefu gani. Maiti haijapoa, yeye anapima ngozi.

Akapita nyuma kuweka kaa kivulini. Hakurudi upesi. Kisha tukamsikia akirudi kinyumenyume.

“Shemeji,” akamwambia Dada, “Askofu wenu ni mwanamke.”

“Umekunywa asubuhi yote hii?”

“Sijanywa. Ametaga. Nimefunua majani kwa kasia alipokuwa majini. Mayai, shemeji. Nimehesabu thelathini na manane.”

“Nani amekufa?” Bibi Ursule akauliza kwa kelele kutoka chini ya draya.

“Hakuna aliyekufa!” nikapiga kelele na mimi. “Askofu ametaga!”

“Askofu amefanya nini?” Akafanya ishara ya msalaba, rola zote zikatikisika.

Tulikimbilia dirishani sisi watatu, Bibi Ursule katikati, jasho la draya linamtiririka shingoni. Halafu Bibi Ursule, ambaye amezaa tisa na hapendi mambo nusunusu, akauliza, “Na baba yao ni nani?”

Tukageuka wote kumtazama Sista, amelala juani, mpole, hana neno na mtu.

Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sijamwona akicheka hivyo tangu Wilfred afe.

Ferrel peke yake hakucheka. Alisema tufunge mlango wa nyuma kwa kufuli mpaka mwisho wa Agosti. Mamba mwenye mayai si yule tunayemjua.

“Wewe unifundishe mnyama niliyemlea?” Dada akamwambia. “Mimi namfuta uso kwa ufagio.”

“Ulikuwa unamfuta uso Askofu, shemeji. Huyu ni mama wa watu.”

Jumamosi, 2 Julai

Habari zimesambaa. Saluni imejaa wanawake ambao nywele zao hazina shida yoyote. Wanakaa chini ya draya wanatazama nje. Padri naye amepita, akauliza kama jina linaweza kubadilishwa.

Jumatano, 6 Julai

Nilitoka kuanika taulo. Askofu akainua kichwa, akatoa sauti, fyuuu, kama tairi linalotoboka. Niliziacha taulo chini nikakimbilia ndani. Nimehamisha kamba ya nguo mbele, barabarani. Dada ananicheka mbele ya wateja: “Lalie wangu anaogopa mzazi.”

Jumatatu, 11 Julai

Mvua tangu asubuhi. Dada amekwenda kumlisha tena, kwa mkono. Hakuliwa. Najua nimeandika neno hilo kwa ajabu, lakini ndivyo ninavyofikiri siku hizi kila mlango ule unapofunguliwa.

Jumapili, 17 Julai

Nina siku mbili kwenye kiti cha hospitali. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiyaacha kichwani yanazunguka.

Ijumaa asubuhi mvua ilikatika. Bibi Ursule alikuwa chini ya draya. Mimi nilikuwa naosha mabeseni. Dada alisimama dirishani akasema, “Mvua imechimba kiota. Yai moja linaonekana.”

“Liache lionekane.”

“Jua litalipika, Lalie.”

“Ferrel amesema…”

“Ferrel, Ferrel! Si uolewe naye basi.”

Akachukua fungu la majani makavu, akafungua mlango wa nyuma. Askofu alikuwa majini, macho tu ndiyo yaliyoonekana. Nilimsikia Dada akiongea naye kwa sauti ile anayotumia kwa wasichana wanaoogopa mkasi. “Ni mimi, mpenzi. Ni mimi tu. Nakufunikia wanao.” Akainama. Mkono wa kulia ulishika majani, wa kushoto akauweka juu ya kiota ajiegemeze.

Sikumwona Askofu akitoka majini. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa. Nilikuwa natazama, macho yangu yamefumbuka, na sikuona. Alikuwa kule, kisha alikuwa hapa.

Dada hakupiga kelele. Alisema, “Hapana,” basi, kwa mshangao, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Kisha Askofu akajizungusha, mwili mzima, mara moja, na nikasikia mlio ambao sitauandika.

Nilimrushia beseni. Sijui kama lilimpata. Alimwachia, au alikuwa ameshachukua alichochukua. Hakumfuata Dada. Alipanda juu ya mayai yake, akalala, mdomo wazi, akatulia. Nilimburuta Dada ndani kwa kola ya gauni, nikafunga mlango kwa teke. Mkono wa kushoto ulikuwa unaishia mahali ambapo mkono hauishii. Nilichomoa waya wa draya ndogo nikaufunga juu ya kiwiko, nikakaza kwa mpini wa kitana, nikazungusha, nikazungusha, huku nasema, “Samahani Dada, samahani Dada.”

Nilipoinua kichwa, Bibi Ursule alikuwa amesimama juu yetu na rola zake zote.

“Funguo za pikapu ziko wapi?”

“Bibi, wewe huwezi…”

“Nimeuliza funguo.”

Sijawahi kumwona akiendesha hata baiskeli. Aliendesha pikapu ya Wilfred maili kumi na tisa kwa mwendo ambao Wilfred mwenyewe asingethubutu, rola zinamdondoka moja moja mabegani, na njia nzima alikuwa akimwambia Dada, “Nobie, usilale. Hujamaliza nywele zangu, shetani wee, usilale.”

Daktari amekata juu kidogo ya kifundo cha mkono na kushona. Dada atapona. Ameamka mara moja tu, akautazama mkono uliofungwa, akanitazama mimi. “Nilikuwa namsaidia,” akasema.

Jumatano, 20 Julai

Afisa wa wanyamapori amekuja na makaratasi. Hatukuwa na kibali, hatujawahi kuwa nacho. Miaka ile hakuna aliyekuwa akiuliza. Sista amefungwa mdomo na kupakiwa kwenye gari, anapelekwa shamba la mamba lenye leseni. Alikwenda bila ubishi.

Askofu hawamgusi akiwa na mayai. Lakini afisa ameandika tarehe: saba Septemba, msimu wa uwindaji utakapofunguliwa. Mamba aliyemuuma mtu na aliyezoea kulishwa na mtu hahamishwi. Mwenye leseni wa jirani atamuua. Mwenye leseni wa jirani ni Ferrel.

Nilimsubiri afisa aondoke. Kisha nikamwambia Ferrel, “Usingoje Septemba. Mpige leo. Nakuomba, shemeji. Ngozi chukua.”

Alivua kofia akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa.

“Simpigi mnyama aliyelala juu ya mayai.”

“Tangu lini una huruma? Si wewe uliyempima siku ya mazishi?”

“Nilikuuliza urefu wake,” akasema, “kwa sababu uzio wenu unafika kifuani tu. Nilikuwa nawaza huyu mjane atalala vipi. Wewe ukanigeuzia mgongo, na mimi sikurudia. Ilinipasa kurudia.”

Miaka tisa nimemchukia mtu kwa swali ambalo sikungoja mwisho wake.

Ijumaa, 22 Julai

Bibi Ursule amekuja kama kawaida. Nimemwosha. Hakuna wa kumkata.

Jumatatu, 8 Agosti

Dada amerudi nyumbani. Amekaa kiti cha wateja, mgongo kwa dirisha. Nilimpikia mchuzi wa bamia na kamba. Alikula vijiko vitatu. Mkasi wake aliutazama, hakuugusa. Mkono wa kulia ni mzima, lakini nywele hazikatwi kwa mkono mmoja. Mmoja hushika, mmoja hukata. Miaka arobaini sikuwahi kuwaza hivyo.

Alhamisi, 11 Agosti

Leo amesema.

“Miaka ishirini na sita nilidhani ananipenda,” akasema, bila kugeuka. “Kumbe alikuwa anapenda shingo za kuku.”

Nikacheka kwa bahati mbaya, nikaziba mdomo. Yeye pia akacheka, kidogo. Kisha akauliza, “Ulimwambia Ferrel amuue?”

“Nani kakwambia?”

“Uso wako.”

“Ndiyo, Dada. Nilimwambia.”

Nilingoja anitukane.

“Ungekuwa mkono wako,” akasema, “ningemuua mwenyewe. Kwa mkasi.”

Jumamosi, 20 Agosti

Redio inasema kimbunga kimeingia Ghuba, kinakuja pwani yetu. Watu wanapigilia mbao madirishani.

Jumatano, 24 Agosti

Naandika nikiwa ghorofani kwa Bibi Ursule, nyumba yake iko mahali ardhi ilipoinuka.

Jana asubuhi maji yalifika ngazi ya tatu ya saluni. Ferrel alikuja na mashua mpaka mlangoni. Dada alikuwa ameshavaa koti, lakini hakutoka. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la nyuma, mara ya kwanza tangu siku ile.

“Uzio umelala,” akasema.

Nikatazama. Kweli, waya wote umelala chini ya maji, na mbele ya Askofu hakukuwa na kitu ila mto na kinamasi, maili kwa maili, mpaka baharini. Angeweza kwenda popote. Na alikuwa amejikunja juu ya kiota, upande unaopigwa na wimbi, mwili wake ukuta, maji yanampita mgongoni.

“Shemeji, twende,” Ferrel akasema. “Maji hayamuui mamba.”

“Na mayai?”

“Mayai yakizama siku nzima yanakufa.”

“Yeye anajua?”

Ferrel akamtazama Askofu. “Hajui kitu kingine,” akasema. Akampa Dada bega, akamshusha ndani ya mashua. Mara mbili akashindwa kufungua kamba ya mashua. Mwindaji wa mamba miaka thelathini! Nilimshika mkono ili atulie, na sikuona aibu.

Ijumaa, 26 Agosti

Tumerudi. Tope inchi nne sakafuni, draya mbili zimeharibika. Askofu yuko palepale. Maji yalifika nusu ya kiota, yakashuka. Amekonda. Sikujua kama ninafurahi au ninaogopa. Nilisimama na ufagio mkononi, nikilia.

Jumatano, 31 Agosti

Asubuhi tulisikia sauti ndogo, kama vifaranga wenye mafua. Dada akasema, “Zinatoka chini ya majani.”

Askofu alizisikia pia. Akapanda kiota, akaanza kuchimba. Akafungua mdomo, ule mdomo, nikageuza uso. Dada hakugeuza. Akanishika kidevu kwa mkono wake mmoja, akanigeuza nitazame.

Alikuwa anawaokota wanawe. Mmoja, wawili, weusi wenye michirizi ya njano, urefu wa kitana. Anawachukua kati ya meno yale, anafunga mdomo, na wao wanachungulia kama abiria. Anakwenda nao mpaka majini, anatingisha kichwa taratibu, wanaogelea. Yai moja lilikataa kupasuka. Akalilaza ulimini, akalibana kidogo, kidogo tu, ganda likavunjika, mtoto akatoka mzima.

Mifupa ya mkono wa Dada haikuushinda mdomo ule. Na ganda la yai hakuliponda. Sijui mtu anaweka wapi mambo mawili kama hayo.

Dada alihesabu kwa sauti mpaka ishirini na tisa. Kisha akaenda jikoni, akafunga mlango.

Ijumaa, 2 Septemba

Nimegombana na Dada, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa Askofu. Nani angeamini?

“Uzio umelala,” nilimwambia. “Tuuache hivyohivyo. Usiku mmoja atakwenda na wanawe. Ferrel atasema hakumkuta.”

“Atakwenda wapi?”

“Kinamasini.”

“Atakwenda kwenye gati la kwanza atakaposikia mtu anaosha samaki,” Dada akasema. “Atatoa kichwa, atangoja alishwe. Mtoto wa mtu atasema, tazama, mamba mpole. Nani alimfundisha kuja kwa watu, Lalie? Ni mimi na Wilfred. Kila siku, kwa miaka ishirini na sita, kwa mkono huu ambao haupo.”

“Basi tumpe muda na watoto.”

“Wanakaa na mama mwaka mzima. Hakuna siku nzuri. Nimeitafuta.”

Nilimwita mkatili. Aliniacha niseme mpaka nikachoka.

Jumanne, 6 Septemba

Afisa ametoa ruhusa watoto waachwe huru. Asubuhi Ferrel alimsogeza Askofu upande wa pili wa bwawa kwa kamba na mti mrefu. Mimi nilichota watoto kwa wavu wa kuvulia kamba. Wananiuma vidole, hawana nguvu bado. Tuliwapeleka kwa mashua mbali, mahali penye mamba wengine na pasipo na gati. Ferrel anasema mamba jike mwenye wanawe wadogo huenda akawachukua hata wasio wake. “Huenda,” akarudia. Hasemi uongo ili mtu apate nafuu. Nimeanza kulipenda hilo.

Nyuma Askofu alikuwa akiwaita. Sauti fupi, ya kifuani. Dada alikaa kwenye ngazi akamsikiliza mpaka tuliporudi.

Jumatano, 7 Septemba

Saa moja na nusu asubuhi. Risasi moja. Ferrel alitaka kumvuta kwa ndoano. Dada akakataa, akamwita mwenyewe kwa jina, na Askofu akaja taratibu, kidevu juu.

Ferrel aliuliza ngozi tuifanyeje. Dada akasema, “Mzike nayo.” Tulichimba watatu mpaka adhuhuri.

Alhamisi, 8 Septemba

Lori la udongo limekuja. Bwawa limefukiwa.

Ijumaa, 9 Septemba

Bibi Ursule aliingia saa nne, akapita draya bila kuitazama, akaketi kwenye kiti cha kukatia. Wiki nane hajakatwa. Nywele zilikuwa zimemfika kolani.

“Nataka kukatwa,” akasema.

“Lalie atakupunguza ncha,” Dada akajibu kutoka kwenye kona yake.

“Lalie ananyoa kama anapalilia. Nataka wewe.”

“Bibi, huoni?”

“Naona vizuri. Nina miaka sabini na tisa, nani ananitazama? Nikatekate ovyo. Lakini ukate wewe.”

Dada hakusogea. Bibi Ursule naye hakusogea. Aliketi wima, mikono mapajani, anatazama kioo, na nikajua yule mwanamke yuko tayari kukaa hapo mpaka Krismasi.

Mwishowe Dada akainuka. Akatoa mkasi kwenye droo, akaufungua, akaufunga. Akasimama nyuma ya kiti. Akauinua mkono wa kushoto, ule mfupi, kuelekea nywele, kwa mazoea, na ukabaki hewani. Nilimwona kwenye kioo.

Niliweka taulo chini. Nikaenda nikasimama ubavuni kwake, bega kwa bega, nikachukua fungu la nywele kati ya vidole viwili kama nilivyomwona akifanya tangu nikiwa msichana, nikalivuta, nikalinyoosha.

“Juu kidogo,” Dada akasema.

Nikainua.

“Usitetemeke.”

“Ni wewe unayetetemeka.”

“Mmoja wenu anikate,” Bibi Ursule akasema.

Dada akakata. Nikaachia, nikachukua fungu lingine. Ilituchukua saa mbili, na upande wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia.